"Ilisha kutoka": namna ya kuweka sawa matangazo ya nyumba na paseli, na programu ya kuchagua

Mu miji ya mashariki ya Congo, mtu anayetafuta nyumba ya kupanga ao paseli ya kununua anapitia karibu kila mara kwa komisioneri. Zamani komisioneri alibeba kila kitu mu kichwa na mu kadaftari ka mfukoni. Leo hii ako na simu, ako mu magrupu ya WhatsApp, na wengine wamefungua ukurasa wa Facebook ao wamemlipa kijana fulani awatengenezee saiti. Matangazo yameongezeka sana. Ukweli wake haukuongezeka kwa kiasi kile kile.

Kila mkaaji wa Goma, Bukavu ao Bunia anajua mazungumzo haya. "Papa, ile nyumba ya Himbi iko bado?" "Mama, ile ilisha kutoka, lakini niko na ingine." Mama amekwisha kulipa motari, pengine amelipa na feza ya kutembeza, na nyumba aliyoiona mu picha ilipangishwa tangu wiki tatu. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni familia inayolipa garanti ya nyumba ambayo mtu mwingine amekwisha kuilipia, ao mtu anayenunua paseli iliyouzishwa mara mbili. Kesi za namna hiyo zinaishia mbele ya hakimu, na zinakula miaka.

Si kila mara kuna mwizi nyuma ya hayo. Mara nyingi kuna daftari baya tu. Makala hii ni kwa makomisioneri, kwa ajansi ndogo, kwa wenye nyumba wanaotangaza wao wenyewe, na kwa mtafutaji anayetaka kujua maulizo gani ya kuuliza.

Tangazo linaoza namna gani

Tangazo moja liko na habari za namna tatu, na kila namna inazeeka kwa mwendo wake. Kuna zile zisizobadilika: fasi paseli inapolala, vipimo vyake, jengo ni la mabao, la matofali, ao nusu mabao nusu matofali. Kuna zinazobadilika polepole: mwenye mali, karatasi, hali ya bati, umeme wa SNEL ao wa Virunga Energies, maji ya REGIDESO yanafika ao yanafika kwa jina tu. Na kuna zile zinazoweza kubadilika kabla ya jua kutua: bei, na kama nyumba iko wazi.

Kosa la daftari nyingi ni kuziweka zote chini ya tarehe moja, tarehe tangazo lilipoandikwa. Mtu anasoma "Machi" na hajui kama Machi ni siku komisioneri alipopima kiwanja, ao siku alipopigia mwenye nyumba simu kuuliza kama iko wazi. Kwa hiyo inafaa kuwe tarehe mbili kwa uchache: siku ya kuingiza mali, na siku ya mwisho ya kuhakikisha. Hii ya pili ndiyo ya maana. Tangazo la nyumba ya kupanga ambalo halijahakikishwa tangu siku kumi na nne lisionyeshwe tena kwa watu, hata kama picha zake ni nzuri. Kwa paseli ya kuuzisha mtu anaweza kungoja mwezi mmoja, sababu hazitoki mbio vile.

Makomisioneri wengi hawapendi kanuni hiyo, na sababu yao inaeleweka: tangazo la nyumba iliyotoka linaendelea kuleta simu, na simu ni mteja. Lakini mteja aliyepigwa mara mbili na "ilisha kutoka" hatarudia mara ya tatu, na atawaambia na jirani.

Shida ya pili ni nyumba moja yenye mikono mingi. Mwenye nyumba anaogopa kungoja, anawapa makomisioneri watano. Kila mmoja anapiga picha yake, anaongeza kitu juu ya bei, anatangaza mu grupu yake. Mtafutaji anaona nyumba tano mu kartie moja, kumbe ni nyumba moja. Siku inapotoka, mmoja tu ndiye anajua. Wane wanaendelea kuitangaza kwa nia safi kabisa.

Marekani makomisioneri walijibu shida hiyo kwa kukubaliana kuweka mali zao mu daftari la pamoja. Mali inaingizwa mara moja, na yule aliyeileta ndiye mwenye wajibu wa kubadilisha hali yake. Asipoibadilisha kwa wakati, madaftari mengi ya namna hiyo yanamlipisha faini. Mu miji ya Kivu na Ituri makomisioneri wa avenyu moja wanaweza kufanya kitu kidogo cha namna hiyo bila programu yoyote ya ajabu: meza moja ya pamoja, numero moja kwa kila mali, na kukubaliana mbele namna komisio itagawanywa. Hilo la mwisho ndilo linalovunja magrupu mengi; komputa haiwezi kulimaliza.

Fasi iko wapi kweli

Kartie moja ya Goma inaandikwa "Kyeshero" na huyu, "Keshero" na yule. Kwa mtu ni jina moja. Kwa komputa ni kartie mbili, na mtafutaji akiandika moja hataona nyumba za ingine. Avenyu zenye jina sawa zinapatikana mu komine tofauti, hata mu miji tofauti. Kwa hiyo majina ya miji, komine na kartie yasiandikwe kwa mkono kila mara. Yachaguliwe mu orodha iliyotayarishwa mbele. Kwa Goma komine ni mbili, Goma na Karisimbi. Kwa Bukavu, Ibanda, Kadutu na Bagira ndizo zinazotajwa kila siku. Kwa Butembo ni Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Orodha fupi hivyo inatayarishwa mu saa moja, na inaokoa miezi ya kusahihisha.

Numero za nyumba ni kitu kingine. Pengine ziko, pengine zilifutika, pengine paseli iligawanywa mara tatu na nyumba zote zikabaki na numero moja. Watu wanaelekeza kwa alama: nyuma ya kanisa, chini ya antene, mbele ya ile butike ya bleu. Alama zinakufa. Goma inajua hilo kuliko miji mingine: lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilifunika sehemu ya katikati ya mji, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilikula nyumba upande wa Buhene. Mipaka ya paseli, mawe, miti ya alama, vyote vilibaki chini.

Simu ya kawaida iliyo chini ya mbingu wazi inaonyesha fasi kwa kukosea mita kama tano. Kwa kujua mpaka wa paseli haitoshi hata kidogo, hiyo ni kazi ya jometri wa kadastre. Lakini kwa kumfikisha mteja kwenye kibambazi cha nyumba inatosha sana. Kuna pia kodi fupi ziitwazo Plus Codes, zinazotaja kipande cha udongo cha mita 14 kwa 14 hivi. Ni za bure, zinaandikika mu SMS, na simu inaweza kuzihesabu bila intaneti. Karte za OpenStreetMap zinafunguka bila mtandao mu programu kama Organic Maps ao OsmAnd, kama mtu alizipakua mbele akiwa na koneksio nzuri.

Lakini ile pointi isitangazwe kwa kila mtu. Nyumba nyingi zinazotangazwa zingali na watu ndani, na mu miji ambako wezi wanaingia usiku, kuonyesha picha za saloni pamoja na mlango kamili mu karte ni kuwafanyia kazi. Daftari libebe pointi kamili. Watu waone kartie na avenyu. Pointi itoke siku ya kutembelea.

Kitu kimoja kinakosekana karibu mu matangazo yote, nacho ni hatari ya fasi. Huko Uvira, mto Mulongwe ulipofurika mu Aprili 2020, nyumba nyingi zilienda na maji. Bukavu iko na milima ambako udongo unateremuka. Safu moja mu daftari yenye neno "maji", "udongo unateremuka" ao "hakuna", pamoja na jina la yule aliyeangalia, inaweza kumfaa mnunuzi kuliko picha kumi. Hakuna mwenye kuuzisha atakayependa safu hiyo. Iwekwe tu.

Karatasi: kuandika mtu aliyesema

Hapa ndipo neno moja linaweza kumpotezea mtu mali ya maisha yote. Kufwatana na sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya serkali, na mtu anapata haki ya kuutumia. Haki hiyo inasimama juu ya sertifika ya anrejistrema inayotolewa na konservateri wa hati. Sertifika inabeba numero ya volume na ya folio, na paseli ya mjini inabeba numero ya kadastre yenye kuanza na SU. Nakala moja inabaki mu kitabu cha konservateri, ingine inapewa mwenye haki. Sheria hiyo inasema pia kwamba kisha miaka miwili tangu kutolewa, sertifika haiwezi tena kushambuliwa. Aliyekosewa anaweza tu kudai malipo kwa yule aliyemkosea. Ndiyo sababu tarehe ya sertifika ni habari ya kuandika, si urembo.

Fishi ya paseli na karatasi ya kuuzishiana iliyosainiwa mbele ya shefu wa kartie si sertifika. Zinaonyesha kwamba kuna mtu alikaa pale ao alinunua kwa fulani. Matangazo mengi yanaandika "documents OK" kwa karatasi ya namna yoyote, na maneno hayo mawili yangepaswa kukatazwa mu daftari la mtu mwenye kujiheshimu.

Njia iliyo bora ni kuandika ngazi. Ya kwanza: muuzaji amesema ako na sertifika. Ya pili: komisioneri ameiona kwa macho na ameandika volume, folio na SU. Ya tatu: mtu alienda kwa konservateri na kwa kadastre kulinganisha na kitabu, siku fulani. Tangazo linaonyesha ngazi, na mnunuzi anajua amefika wapi. Ngazi ya tatu iko na bei yake na foleni yake, na mu fasi ambako vita vimefunga ofisi ao vimehamisha vitabu inaweza kukosekana kabisa. Basi iandikwe hivyo: haikuhakikishwa. Nafasi tupu ni ya hatari, sababu kila mtu anaijaza kwa matumaini yake.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda iliandikisha paseli zaidi ya milioni 10 mu kampeni ya miaka ya 2009 mpaka 2013, na kila moja ikapata numero yake ya pekee inayoanza na jimbo na kuishia na paseli. Komisioneri wa Gisenyi anaanza tangazo na ile numero. Yule wa Goma analazimika kujitengenezea numero yake mwenyewe, mfano GOM-0147, na kuiandika mbele ya kila picha na kila mesaji. Haina nguvu ya sheria. Lakini inazuia nyumba moja kuitwa majina matano.

Bei na garanti

Kodi ya nyumba inatajwa mara nyingi kwa dola, pengine kwa franga. "300" peke yake haisemi kitu. Safu moja ibebe hesabu, ingine ibebe feza gani, USD ao CDF, na ya tatu iseme kama ni kwa mwezi. Garanti iandikwe kwa hesabu ya miezi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Tangazo linaloomba sita linajishitaki lenyewe, na komisioneri mwerevu atamwambia bayeri mbele ya kulitangaza. Komisio nayo iandikwe: ngapi, na nani anailipa. Feza ya kutembeza vilevile, kama ipo.

Daftari lenyewe

Mbele ya kununua programu yoyote, kuwe na meza moja safi. LibreOffice Calc inatosha kwa mwenye komputa, na ni ya bure. Google Sheets inafaa kama watu wawili ao watatu wanaandika pamoja. Inakubali kufanya kazi bila mtandao mu simu kisha inajilinganisha mtandao ukirudi, na inabakisha historia: nani alibadilisha bei, siku gani. Wakati wa ugomvi, historia hiyo ni dhahabu.

Mitego ni midogo na inarudia. Mtu anaandika numero ya simu 0997 na kadhalika, meza inafuta ile sifuri ya mbele. Dawa ni kuandika +243 na kuiambia safu ile ni maandishi, si hesabu. Mtu anaandika "3-1" akitaka kusema vyumba vitatu na saloni moja, na Excel inaigeuza kuwa tarehe. Vyumba viwe na safu yao, saloni yake. Tarehe 03/04 ni tarehe tatu ya mwezi wa ine kwa Mkongomani na tarehe ine ya mwezi wa tatu kwa komputa iliyopangwa kwa Kimarekani. 2025-04-03 haina ugomvi. Vipimo viandikwe 15 na 20 mu safu mbili, na meza ihesabu yenyewe 300. Muuzaji akisema paseli ni ya mita 15 kwa 20 na karatasi inasema 260, tofauti inaonekana siku ile ile.

Kisha kuna kazi ya kila wiki ambayo hakuna mashini itaifanya: kuketi na kupigia wenye nyumba simu, mmoja mmoja. Iko wazi? Bei ni ile ile? Kuna mtu amekwisha kutoa feza? Hali ziwe chache: iko wazi, imeshikwa na garanti, imetoka, imesimamishwa. Ile iliyotoka isifutwe. Ibaki mu daftari, sababu mwaka kesho itakuwa wazi tena, na kwa wakati huo inaonyesha bei za kweli za kartie.

Kuchagua programu

WhatsApp Business ni mlango wa kwanza, na kwa komisioneri wa peke yake mwenye nyumba ishirini pengine ndiyo programu yote anayohitaji. Katalogi yake inakubali mpaka vitu 500, kila kimoja na picha, bei na kodi. Ubaya wake: haichuji kwa kartie wala kwa vyumba, na simu ikiibwa bila akiba, daftari linaondoka nayo. Iwe dirisha la kuonyesha. Daftari likae mahali pengine.

KoboToolbox inajulikana sana mu mashariki sababu wafanyakazi wa mashirika ya misaada wanaitumia kuandikisha waliokimbia vita. Jina lake linatoka mu Kiacholi cha Uganda ya kaskazini, maana yake ni kuhamisha. Ni nzuri sana kwa kutembelea nyumba: fomu inajazwa bila mtandao, inachukua pointi ya GPS na picha, inakataa kufungwa kama safu ya lazima ni tupu. Vijana wengi wa Goma na Bunia wamekwisha kuijua, kwa hiyo hakuna masomo ya kulipia. Lakini si duka. Mteja hawezi kutafuta nyumba ndani yake. Na kiwango chake cha bure kiko na mipaka.

WordPress pamoja na nyongeza za nyumba kama Estatik ao Essential Real Estate inatoa saiti ya kweli yenye kuchuja bei, kartie na vyumba. Programu ni ya bure, lakini jina la saiti na fasi ya kuiweka vinalipiwa kila mwaka, mara nyingi kwa karte ya banki, na lazima mtu aifanyie matengenezo ya usalama. Saiti nyingi za ajansi ndogo zinakufa hapo: kijana aliyeitengeneza amehama, nywila iko kwake, na nyumba zilizotoka miaka mitatu iliyopita zingali "wazi". Tangu siku ya kwanza, jina la saiti liandikwe kwa mwenye ajansi.

Kuhusu programu za kulipia kila mwezi, maulizo yenye uzito ni machache. Inafanya kazi wakati mtandao umekatika? Inapunguza uzito wa picha yenyewe, ao mteja atakula megabaiti 50 kuona nyumba moja? Inakubali dola na franga? Inaonyesha tarehe ya kuhakikisha, na inaweza kuficha tangazo lililozeeka bila kungoja mtu? Na ile kubwa: inaruhusu kutoa data yote mu faili ya CSV siku mtu anataka kuondoka? Muuzaji akijibu hilo la mwisho kwa kuzunguka, mazungumzo yamekwisha. Akili bandia inayoandika maelezo matamu ya nyumba, ambayo wauzaji wengi wanaisifu siku hizi, haina kazi hapa. Maelezo matamu ndiyo sehemu ya shida.

Jambo la watu lisisahauliwe. Daftari linabeba majina, numero za simu, pengine picha za karte ya mchaguzi za wapangaji. Kodi ya dijitali ya Congo, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Karte ya mchaguzi ya mtu haina kazi mu grupu la WhatsApp la watu mia mbili, wala mu simu ya komisioneri baada ya kontra kusainiwa.

Mtu anayehama toka kadaftari mpaka programu mpya asivuke siku moja. Achague nyumba ishirini, aziingize, awatume watu wawili tofauti waende kuziangalia kwa miguu na karatasi mkononi: bei, vyumba, maji, karatasi, kama ziko wazi. Makosa yakipita mawili ao matatu, atengeneze meza kwanza, kisha ajaribu nyumba ishirini zingine. Kadaftari ka zamani kabaki kakiandikwa sambamba kwa mwezi mmoja, na akiba ya faili ikae mu fasi mbili, moja nje ya nyumba ya kazi.